Uanachama wa ITEA, chama cha dunia cha wapiga tuba na yufoniamu (mdogo wake tuba): je unalipa kwa mtu wa matarumbeta?

Nianze na jibu kabisa maana najua wengine mnasoma mistari miwili mnasepa: kama unapiga besi kwenye matarumbeta, nota unasoma, na Kiingereza hakikupigi chenga, huu uanachama unalipa. Kama unapiga kwa kusikiliza tu na kazi yako ni harusi za Jumamosi juu ya pikapu, hiyo hela kanunulie mafuta ya pistoni, faida utaiona mapema zaidi. Nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyokata nitaieleza huko chini.

Huduma yenyewe iko hivi. Unalipa ada ya mwaka, kwa dola, unapata jarida lao linalotoka mara nne kwa mwaka, ndani kuna mahojiano na wapigaji, uchambuzi wa rekodi na nota mpya, makala za ufundishaji, na mara nyingi kipande cha nota cha bure ambacho unaprinti unakiweka kwenye stendi jioni hiyohiyo. Kulipa ndo palinitoa jasho, ila hapo chama hakihusiki kabisa, ni benki yangu (siitaji) iliyoona hela inakwenda Marekani kwa jina la kitu kinaitwa tuba ikaamua huu ni wizi, kadi ikafungwa, nikakaa kwenye simu namweleza dada wa huduma kwa wateja tuba ni nini, "ni kama tarumbeta dada ila kubwa sana," "lile la kanisani?", "ndio, lile la kanisani," basi kadi ikafunguliwa.

Sasa kabla sijasema jarida likoje inabidi nipite kwenye historia, maana hiki chama usipojua kimetokea wapi utakiona ni kundi la watu wanaojisifia madude yao.

Tuba ni chombo cha juzi tu. Hataza yake ilitolewa Prussia tarehe 12 Septemba 1835 kwa Wilhelm Wieprecht, mkuu wa bendi za jeshi kule Berlin, na fundi Johann Gottfried Moritz. Kwa hiyo Mozart aliyefariki 1791 na Beethoven aliyefariki 1827 hawakuwahi hata kuisikia inalia. Mtu wa violini akiamka asubuhi ana mlima wa kazi za mabingwa zilizoandikwa kwa ajili yake, mtu wa tuba anaamka na pum-pa pum-pa. Ikabidi dunia isubiri hadi 1954 ndo Ralph Vaughan Williams, Mwingereza, mzee wa miaka 81 wakati huo, akaiandikia koncheto, yaani kazi ya chombo kimoja kikisindikizwa na okestra, kwenye jubilei ya miaka 50 ya London Symphony Orchestra. Miaka 119 toka chombo kizaliwe! Aliyeipiga siku hiyo ni Philip Catelinet, na huyu bwana alikulia kwenye muziki wa Jeshi la Wokovu, watu wa Kenya mpo?

Tatizo la pili ni viti. Okestra kubwa ina violini kama thelathini, tarumbeta tatu nne, honi nne au zaidi, trombone tatu, tuba MOJA. Na akishakaa mtu hapo hatoki. Arnold Jacobs, mpiga tuba, aliingia okestra ya Chicago Symphony 1944 akatoka 1988, yaani kiti kimoja miaka 44, ukizaliwa siku anayoanza kazi unaweza kujifunza tuba, ukaoa, ukapata wajukuu, na hiyo nafasi bado haijatangazwa. Na kwa kuwa ni mmoja, mazoezini hana wa kukaa naye, hakuna wa kumuuliza hapa ulipumua wapi, akikosea wote wanamjua ni yeye, akipiga vizuri hakuna anayegeuka. Mpiga besi yeyote wa kanisani anaijua hii hali, tofauti yetu na wao ni kwamba wao walikasirika wakafanya kitu.

Aliyeanza kulisukuma wazo la chama ni Robert Ryker, mpiga tuba wa Montreal Symphony kule Kanada. Akakipa jina refu la mbwembwe, Tubists Universal Brotherhood Association, ukichukua herufi za kwanza zinasomeka TUBA, wazee wa zamani walipenda vitu hivyo. Lakini aliyekipa miguu ni Harvey Phillips, na hapa naomba mnivumilie maana huyu mzee ndiye sababu hasa ya mimi kulipia mwaka wa pili.

Phillips alizaliwa 1929 Missouri, mtoto wa shamba, akaanza maisha kwenye bendi za sarakasi mpaka akafika Ringling Bros, ile sarakasi kubwa ya Marekani. Bendi ya sarakasi sio mchezo, ndugu, unapiga masaa na masaa, tembo akichelewa unarudia, farasi akibadili mwendo na wewe unabadili, hakuna cha kusema mdomo umechoka. Baadaye akaenda New York akafundishwa na William Bell, gwiji wa tuba wa New York Philharmonic, na 1954 akawa mmoja wa waanzilishi wa New York Brass Quintet. Mwaka 1971 akaenda kufundisha Indiana University pale Bloomington, kwenye nafasi iliyokuwa ya mwalimu wake Bell. Miaka miwili tu baadaye, Mei 1973, akawaita wapiga tuba wote waje hapohapo Bloomington kwenye kongamano la kwanza la kimataifa, na pale ndo chama kikasimama rasmi. Watu waliokuwa wamezoea kuwa peke yao kwenye kila chumba wanachoingia, leo wako chumba kimoja. Ningelipa nauli nione nyuso zao siku ile.

Hawakuwa wa kwanza kuungana. Watu wa honi walishaunda chama chao cha kimataifa 1970 kule Tallahassee, Florida, rais wao wa kwanza akiwa Barry Tuckwell, trombone wakafuata 1972, na wa tarumbeta wakaja katikati ya miaka hiyohiyo ya sabini. Ukiangalia ni wimbi moja, vyuo vikuu vya Marekani vilikuwa vimeanza kuajiri mwalimu wa kila chombo cha shaba, na mwalimu wa chuo ana ofisi, ana simu, ana bajeti ya stempu, na likizo ukumbi unakaa bure. Hiyo damu ya chuo bado wanayo, nitalirudia hilo.

Ila kisa cha kuwahadithia wajukuu ni cha Desemba 1974. Bell alikuwa amefariki 1971, na alizaliwa siku ya Krismasi 1902. Phillips akataka kumuenzi, sio kwa hotuba, kwa tuba. Akapiga simu Rockefeller Center pale New York, ule uwanja wa barafu maarufu wenye mti mkubwa wa Krismasi, akamwambia msimamizi nataka nilete mamia ya tuba na yufoniamu zipige nyimbo za Krismasi hapo kwako. Msimamizi akanyamaza. Mtu akikupigia akakwambia hivyo na wewe si utanyamaza? Phillips akamwachia namba za simu za watu wanaoweza kumdhamini, watu wenyewe Leopold Stokowski, Leonard Bernstein, André Kostelanetz na Morton Gould, yaani vigogo wa muziki wa Marekani kwa mkupuo. Msimamizi akawapigia, akarudi kwa Phillips akamwambia uwanja ni wako. Tarehe 22 Desemba 1974 wapigaji zaidi ya 300 wakajipanga pale, kondakta Paul Lavalle, mpangilio wa nyimbo kazi ya mtunzi Alec Wilder. Hebu jiwekee kichwani: Usiku Mtakatifu ikilia kwa sauti za chini tupu, melodi inashikwa na yufoniamu, chini yake tuba mia na kitu, hakuna tarumbeta hata moja ya kupiga kelele juu. Siku hizi hilo tukio linafanyika kila Disemba kwenye miji mingi sana na yeyote mwenye chombo chake anajiunga. Kwa usahihi, linasimamiwa na taasisi ya Phillips mwenyewe sio ITEA, ila watu ni walewale na roho ni ileile.

Na lile tatizo la kukosa nyimbo, Phillips alilitatua kwa kuomba. Kila mtunzi aliyekutana naye anamwomba aandike kitu cha tuba, anamlipa akiwa nazo, akiwa hana anamshawishi, mpaka anafariki 2010 kazi zilizotokana na yeye zinahesabiwa zaidi ya 200. Chama kina tuzo ya utunzi yenye jina lake. Sisi tunalia kwaya zinatunga kila siku na matarumbeta tunaishia kusindikiza tu, ni nani kati yetu amewahi kumfuata mwalimu wa kwaya akamwambia mwalimu, nitungie kipande cha besi ya pekee yake? Nauliza tu.

Haya, jarida. Nitachukua ukurasa mmoja tu muone. Ni makala ya kupumua, na nyingi zinazohusu pumzi zinaishia kwa Arnold Jacobs yule wa miaka 44. Jacobs alikuwa na matatizo ya mapafu, uwezo wake wa hewa ulikuwa mdogo kuliko wa wapigaji wengi wenye miili kama yake, na bado akawa mwalimu wa pumzi ambaye hata madaktari na waimbaji walimtafuta. Falsafa yake ukiipunguza inabaki vitu viwili, wimbo na upepo: kichwani imba ile sauti unayoitaka, hewa iache itembee, mengine ya misuli ya tumbo sijui kaza hapa legeza pale achana nayo. Mimi nililelewa kwenye "kaza tumbo!" ya mwalimu wetu, Mungu amlaze pema, nikikaza mpaka shingo inavimba, halafu nota ya chini inatoka kama injini ya bodaboda iliyokosa plagi. Nikajaribu ya Jacobs, naimba kwanza bila chombo, kisha napuliza hewa kwenye kiganja, kisha ndo nachukua chombo. Ile nota ya chini ikafunguka. Nikawapa na vijana wawili wa yufoniamu zoezi hilohilo, mmoja kafunguka mwingine bado anacheka kila nikisema tuimbe.

Kitu cha kuwa makini nacho ni ufunguo wa nota, na hili ndilo ningependa mtu angeniambia mapema. Sisi wa KKKT na Moravian mizizi yetu ni Ujerumani, wamisionari wa Moravian walifika Rungwe 1891, wa Leipzig wakaja Kilimanjaro 1893, na kule kwao vikundi vya shaba vya kanisa vinasoma nota kama inavyolia, palepale kwenye kitabu cha nyimbo cha sauti nne. Nota za tuba za Kimarekani ziko vilevile, ufunguo wa besi, zinasomwa kama zinavyolia, kwa hiyo mtu wa Moshi au Mbeya anaprinti anapiga. Wenzetu wa Jeshi la Wokovu Kenya wamelelewa kwa mtindo wa Waingereza, tuba yao inasomwa kwa ufunguo wa juu na nota inahamishwa, yaani inayoandikwa sio inayolia, kwa hiyo jipangeni kuandika upya au kujifunza ufunguo wa besi. Yufoniamu mara nyingi wanachapisha zote mbili, hapo hakuna kesi. Na msishtuke mkiona wanazungumzia sana tuba ya C, ndiyo wapigaji wa okestra wa Marekani wanayoipenda, sisi tuna za B bapa na E bapa tulizoachiwa na Wajerumani, vipande vingi vinapigika tu ukizoea vidole.

Mambo ya kina mama nayo niyaseme. Lile jina la kwanza lilikuwa la udugu wa wanaume kabisa, na kuingia miaka ya 2000 wakalibadilisha likawa International Tuba Euphonium Association, na yufoniamu nayo ikapata kutajwa baada ya kubebwa bila jina miaka yote ile. Wanawake walikuwepo toka zamani lakini, Constance Weldon alipiga tuba na okestra ya Boston Pops miaka ya hamsini na akaenda mpaka okestra ya Concertgebouw ya Amsterdam. Halafu 2006 Carol Jantsch, akiwa bado mwanafunzi wa University of Michigan, akashinda kiti cha tuba cha Philadelphia Orchestra, kile kiti kimoja tunachokizungumzia. Pale kwetu mabinti wawili wameanza yufoniamu mwaka huu na nimewaonyesha video zake, hawakusema kitu, wakaomba funguo ya stoo.

Sasa ile nyota moja niliyokata. Kwanza ni chama cha dunia chenye kitovu Marekani. Mkutano mkuu umewahi kwenda Budapest 2004 na Linz kule Austria 2012, safi, ila baada ya hapo ni Bloomington tena 2014, Knoxville 2016, Iowa City 2019, Tempe Arizona 2023. Mtu wa Mbeya hesabu nauli, hesabu viza, hesabu na tuba yenyewe ambayo shirika la ndege litakudai kiti. Pili ni ile damu ya chuo niliyosema, kurasa nyingi zinamlenga mwanafunzi wa shahada ya muziki anayejiandaa na usaili wa okestra, sasa mimi okestra ya wapi? Kuna makala nilisoma nusu nikaona hii hainihusu nikafunga.

Tatu ni sisi kutoonekana, na hapa sisemi wametunyima, nadhani hawajui tu, na hatujawaambia. Watu wa pwani walikuwa na beni, zile ngoma za kuiga bendi za kijeshi, toka miaka ya 1890, Lamu na Mombasa mitaa inashindana kwa gwaride na vyombo vya shaba, kituo cha wamisionari cha Freretown pale Mombasa walikuwa na bendi yao, Sultani wa Unguja alikuwa na bendi yenye Wagoa, na kipindi cha vita ya kwanza ya dunia vikundi pinzani vya beni, Marini na Arinoti, vikasambaa mpaka bara huku kila upande una mavazi yake na vyeo vyake vya kujipa. Hiyo ni miaka themanini kabla ya lile kongamano la Bloomington! Na leo hii Jumamosi yoyote Dar simama barabara kubwa dakika chache utapishana na pikapu ya matarumbeta, besi amekaa nyuma kabisa miguu inaning'inia, anapiga kwenye mashimo na matuta bila kukosa hata pigo moja. Mtu wa Chicago hajawahi kufanyiwa usaili wa namna hiyo. Haya mambo yakiandikwa vizuri kwa Kiingereza yakatumwa kwa mhariri wao yatasomwa, jarida lenyewe linaandikwa na wanachama kwa sehemu kubwa, na mimi na rafiki yangu mwalimu wa historia tumeanza kuandika, tumekwama kwenye picha maana picha za zamani za beni nyingi ziko kwenye nyumba za watu na watu hawaachii picha za babu zao kirahisi, na wako sahihi.

Kuhusu swali ambalo nitaulizwa tu, kati ya vyama hivi uchukue kipi: chukua cha chombo chako. Trombone nenda ya trombone, korneti na tarumbeta nenda ya tarumbeta, zote zina jarida na zote mikutano yao ni ya mtindo huohuo. Ila kama wewe ni kiongozi wa kikundi na una hela ya uanachama mmoja tu, mimi ningeanza na hiki cha tuba, maana wa sauti ya kwanza wakipotea wanasikika wanarekebishwa palepale, besi ikiwa mbovu kikundi kizima kinakuwa kibovu na hakuna anayejua tatizo liko wapi. Na kabla ya kulipa mwambie kwanza mtu wa benki, mweleze ni tarumbeta la kanisani.